Jina la Kumi na Moja

Baba yangu, Bramwel Shimenga, alikuwa mkalimani wa serikali mjini Kakamega kwa miaka ishirini na sita. Siku aliyojiona kwenye televisheni nilikuwa nimeketi hatua nne kutoka pale aliposimama. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Machi, mwaka 1968, jioni, mvua imeanza kupiga mabati ya ukumbi. Sasa nina wajukuu, lakini nikianza kusimulia habari hii mikono bado inanitoka jasho.

Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani. Bibi yangu alikuwa muumini wa Jeshi la Wokovu, ndiyo maana akampa mwanawe jina la Bramwel, na ndiye aliyemsukuma shuleni mpaka Kiingereza kikamkaa. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya afisa Mzungu na watu waliofika na mashauri yao. Mzungu akisema, "Mimi nimekataa," baba aligeuka akasema kwa Kiluhya, "Mimi nimekataa." Mama mmoja akisema, "Mimi nimepigwa," baba aligeuka tena akasema kwa Kiingereza, "Mimi nimepigwa." Majirani zetu wa Khayega walimtania kwamba Bramwel kwa siku moja hupigwa, huiba ng'ombe, hujihukumu kifungo cha miezi sita, kisha jioni hurudi nyumbani kula obusuma, ugali wetu, kama kawaida.

Alikuwa na tabia zake. Kabla ya kusema chochote mbele ya watu alikohoa mara tatu, vikohozi vifupi vikavu. Sikio lake la kushoto halikusikia vizuri tangu augue homa utotoni, kwa hiyo alipomsikiliza mtu aliinamisha kichwa upande, sikio zima mbele. Na neno likimshinda, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai, polepole, mpaka neno likaja.

Tulizaliwa watatu: Lazarus, mimi Jescah, na mdogo wetu Teresa. Lazarus alifariki mwaka 1959 akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amejiandikisha na wenzake wa upande wa Navakholo kwenda kuchuma chai, na lori lililowabeba likapinduka huko njia ya Kericho. Walikufa kumi na saba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nakumbuka baba akiingia uani saa kumi na moja na nusu jioni na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akamwambia mama kwamba amekutana na askari polisi njiani, karibu kabisa na Khayega, naye ndiye aliyempa habari. Tulimzika Lazarus nyuma ya nyumba. Kwa miaka tisa hiyo ndiyo habari tuliyoijua.

Basi turudi kwenye televisheni. Wakati huo nilikuwa karani wa kupiga taipu, na picha zilikuwa zimeanza kufika kwetu, zenye chenga nyingi. Ukumbi wa jamii mjini ulipata televisheni moja. Msimamizi wa ukumbi, Chrispinus, aliiweka juu ya meza mbili zilizopandanishwa, akaifunika kitambaa cha maua siku za kawaida, na kila Jumamosi akaifungua. Shida ilikuwa lugha. Michezo mingi ilitoka Uingereza, na nusu ya watu ukumbini hawakujua Kiingereza. Chrispinus akamwomba baba asimame kando ya televisheni atafsiri. Baba alikubali kwa furaha. Alivaa tai hata Jumamosi. Watu walikuja kumsikiliza yeye kama walivyokuja kutazama picha, kwa sababu alimtafsiri kila mtu kwa sauti yake, polisi kwa sauti ya polisi, bibi kizee kwa sauti ya bibi kizee.

Jumamosi hiyo mama alikuwa amekuja mjini kuuza mrenda na kunde. Mvua ikamkuta barabarani, akaingia ukumbini na kikapu chake kitupu, akakaa kando yangu. Jina lake ni Khalayi, kwao ni Shianda. Alikuwa hajaona televisheni hata siku moja.

"Hivi vitu vidogo ndivyo watu?" aliniuliza.

Mchezo ulianza. Ulihusu mji mmoja mdogo wa Uingereza na stesheni yake ya reli. Akatokea karani wa stesheni, Mzungu mfupi mwenye kidevu kidogo na masikio makubwa, koti jeusi. Alikuwa anazungumza na abiria. Kabla ya kujibu, akakohoa mara tatu.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Karani akainamisha kichwa upande, sikio la kulia mbele. Watu wakaanza kugeuka na kumtazama baba. Halafu abiria akamwuliza jambo gumu, na yule karani akavua miwani, akashika ncha ya tai yake, akaanza kuifuta.

Ukumbi ulipasuka. "Bramwel amekuwa Mzungu!" Chrispinus alipiga kelele. Watu walisimama juu ya mabenchi. Mama alinishika mkono, mdomo wazi, akatazama picha, akamtazama mumewe, akatazama picha tena.

Baba mwenyewe alikuwa ameganda. Alisogea karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. Kisha akageuka, uso umejaa mshangao, akasema, "Huyu namjua. Huyu ni Bwana Penoki! Alikuwa hapa hapa, ofisini kwetu!"

Wazee kadhaa wakamkumbuka. Edwin Pennock, sisi tulimwita Penoki, alikuwa afisa kijana aliyekuja Kakamega mwaka 1957 na kuondoka tulipopata uhuru. Nani angefikiri amekuwa mwigizaji? Baba aliendelea kutafsiri, sasa kwa sauti ya juu zaidi, na niliona amefurahi. Alijivuna. Kwamba mtu wa London amevaa mwili wake mbele ya dunia nzima!

Katika mchezo kukatokea ajali. Treni imeanguka. Jamaa za abiria wakajazana stesheni, na karani akaletewa karatasi. Akasimama mbele yao akaanza kusoma majina ya waliokufa. Baba akatafsiri: namba moja, fulani, fundi viatu, namba mbili, fulani, mama wa watoto wawili. Vicheko vikaisha. Namba tano. Namba nane. Nikaona sauti ya baba inapungua. Namba kumi aliisema kwa shida.

Yule karani akasoma namba kumi na moja. Baba hakusema kitu.

"Mzee, mbona umenyamaza?" Chrispinus aliuliza. "Amesema nini?"

Baba alikuwa amesimama mikono imelegea. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akikosa kutafsiri. Kwenye kioo karani aliendelea na namba kumi na mbili, kumi na tatu, sauti ile ile, hadi mwisho wa karatasi. Jamaa wakaanza kulia. Yeye akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Kisha akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, kama cha mtu aliyepoteza ufunguo halafu akaukuta mfukoni.

"Jescah," mama alininong'oneza, "yule wa kumi na moja alikuwa nani?"

Nilikuwa bado sijaelewa chochote, ndiyo maana nikamjibu. "Ni binti yake, mama. Yule karani amesoma jina la mtoto wake mwenyewe. Ana miaka kumi na tisa."

Mama alitazama kioo, akamtazama baba. Aliokota kikapu chake akatoka nje kwenye mvua.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kanisa, alimkuta baba uani ananyoa ndevu. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi.

"Wewe unasomanga majina ya watu huko kazini, hilo najua," mama alisema. "Nauliza moja tu. Jina la mtoto wangu ulisoma wewe?"

Baba aliweka wembe chini. Povu lilikuwa bado shavuni.

"Nilisoma."

"Na yule askari wa njiani?"

"Hakukuwa na askari."

Nilisikia sufuria ikianguka, kumbe ni mimi niliyeiangusha. Baba akaeleza, kwa maneno machache, amesimama pale pale. Ujumbe wa simu ulifika ofisini kama saa tano asubuhi. Mkubwa wa ofisi alikuwa safarini. Penoki, ambaye hakujua Kiluhya, alisoma majina kwa Kiingereza mbele ya watu waliokusanyika, jina moja moja, na baba akayarudia pamoja na vijiji vyao. Wengi walitoka Navakholo. Walimjua baba kama karani tu, hawakujua jina la ukoo wake. Penoki naye alimjua kama Bramwel basi. Lilipofika la kumi na moja, Lazarus Shimenga wa Khayega, baba alilisema kwa sauti ile ile. Akaendelea.

"Saa tano asubuhi," mama alisema. "Ukaja hapa saa kumi na moja na nusu. Siku nzima mimi nilikuwa shambani nalima na naimba, na wewe unajua."

Mama alifunga nguo zake kwenye kitambaa, akamchukua Teresa, akaenda kwao Shianda. Alikaa huko majuma matano. Alirudi wakati wa palizi kwa sababu maharagwe yalikuwa yanamezwa na magugu, lakini hakumsemesha baba. Aliniambia mimi, "Mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari," na baba alikuwa ameketi hapo hapo anasikia.

Mimi sikujua nimchukie nani. Baba nilimwogopa. Nilimtazama akila nikajiuliza, mtu wa aina gani anaweza kulisema jina la mwanawe aliyekufa na kuvuka kwenda lingine? Mezani kwangu ofisini nilikuwa napiga taipu, ghafla nakiona kile kicheko.

Siku moja alikuja mezani pangu ofisini wakati wa chakula cha mchana, akaniomba nimpigie barua ya kwenda kwa Penoki. Chrispinus alikuwa amempatia anwani ya kampuni iliyotengeneza mchezo ule. Nilitia karatasi kwenye mashine, nikangoja malalamiko. Barua ilikuwa na salamu na sentensi mbili. Alisema ameona mchezo na anampongeza. Kisha akauliza: je, siku ile, mwaka 1959, kweli nilicheka?

Nilinyanyua vidole. "Baba, hukumbuki?"

"Nakumbuka jina la kumi, nakumbuka la kumi na saba," alisema. "Hapo katikati nakumbuka viatu vya mtu mmoja aliyesimama mbele. Vilikuwa vyekundu vya udongo. Hicho kicheko nilikiona ukumbini kwa mara ya kwanza, kama nyinyi."

Jibu lilifika baada ya miezi minne, kurasa sita za mwandiko mdogo. Baba alinipa nisome kwa sauti, maana macho yake yalianza kumsumbua, au ndivyo alivyosema.

Penoki aliandika habari za maisha yake. Alizaliwa mji wa bandari huko Uingereza, baba yake akiwa muuza nyama. Mama yake alikuwa mgonjwa, hakutoka kitandani miaka mingi, na kila jioni mtoto Edwin alikaa ukingoni mwa kitanda akamwigizia wateja waliokuja buchani siku hiyo: mwanamke aliyebana senti, padri aliyependa maini. Mama alicheka mpaka akashika kifua. Hivyo ndivyo alivyojifunza kutazama watu. Alitaka kuwa mwigizaji, wakamwambia ana uso wa mtu wa kufungua mlango. Akajiunga na utumishi wa makoloni kwa kukosa la kufanya, akaletwa kwetu. Katika klabu ya Wazungu mjini walikuwa na michezo yao ya kuigiza, na huko usiku wa kunywa alimwigiza kila mtu, baba akiwa wa kwanza. Wazungu wenzake walilia kwa kucheka.

Aliporudi kwao alihangaika miaka miwili. Kwenye televisheni walimpa kazi za kuonekana nusu dakika. Alikuwa mtu wa kubeba sinia. Alikuwa polisi anayesema, "Pita huku, bwana." Mara mbili alikuwa maiti. Kisha wakatafuta mtu wa kuwa karani wa stesheni, na kila aliyejaribu walimpa ile karatasi ya majina aisome. Waigizaji wote waliomtangulia walilia walipofika kwa jina la binti. Yeye alisoma kama alivyomsikia baba akisoma, na mwisho akafanya aliyoyaona. Mwongozaji wa mchezo akamwambia kazi ni yako. Yeye ndiye aliyeomba jina la binti lisogezwe liwe la kumi na moja. Magazeti yakamwandika. Tangu hapo hakukosa kazi: karani, daktari wa meno, mtunza makaburi, mume aliyeachwa. "Wote hao," aliandika, "wana kitu chako, Bramwel. Sikuwahi kukuomba ruhusa."

Katika ukurasa wa mwisho alijibu swali. Ndiyo, ulicheka.

Baba alichukua zile kurasa, akazikunja kwa mikunjo yake ya awali. "Nilicheka," alisema. Akasema tena, kwa Kiluhya, kana kwamba ananitafsiria.

Mwezi wa Julai mwaka uliofuata, Penoki mwenyewe alikuja. Alikuwa Nairobi, ameletwa kuigiza daktari mlevi katika filamu fulani ya mambo ya wanyama. Aliandika kwamba atapita, na baba alimwambia mama kupitia kwangu. Kwetu mgeni wa mbali hachinjiwi chini ya ingokho, yaani kuku, na tulikuwa na jogoo wawili wanene. Mama aliwatazama, akaenda kuchemsha chai.

Alifika saa nne asubuhi na gari dogo la Volkswagen la kukodi, limejaa tope. Nilishtuka kuona alivyo mdogo. Kwenye kioo alionekana mtu kamili, na hapa mlangoni kwetu alikuwa mtu mwembamba mwenye shati lililoloa jasho, hajui aweke wapi mikono. "Mulembe," alitusalimu kwa Kiluhya. Kiswahili chake kilikuwa kile cha maofisa, cha amri, akijaribu kukilainisha.

Baba alimkaribisha, wakaulizana habari za watu waliowajua. Mama aliweka chai mezani, akaketi kwenye kiti cha mbele yake. Alingoja anywe funda la kwanza.

"Wewe ulikuwa pale siku ile," alisema.

"Nilikuwa, mama."

"Mume wangu alipomaliza kusoma, na watu wakaanza kulia, alifanya nini? Ile sehemu ambayo haikuwa kwenye televisheni."

Penoki alimtazama baba. Baba alikuwa ametikisa kichwa tayari. "Wacha, Bwana Penoki," alisema. "Hayo yamepita."

"Sikukuuliza wewe," mama alisema. Hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia moja kwa moja kwa zaidi ya mwaka.

Penoki aliweka kikombe chini. Chai ilimwagika kwenye kitambaa. "Aliingia ofisini," alisema. "Mimi nilikuwa nimeingia mbele yake. Nilikuwa nimefunga dirisha kwa sababu ya kelele za kilio. Alisimama mbele ya meza yangu, akasema, 'Bwana, namba kumi na moja ni mwanangu. Naomba ruhusa niende nyumbani.'"



"Na wewe?" mama aliuliza.

"Nilimnyima."

Nilimgeukia baba. Alikuwa anatazama sakafu. Miaka kumi! Miaka kumi alikuwa amebeba jambo hilo, na mwaka mzima na zaidi alikuwa amekaa katika nyumba hii hii anaitwa mtu asiye na moyo, na hakufungua kinywa kusema kwamba aliomba ruhusa akanyimwa.

"Nje kulikuwa na watu mia mbili," Penoki aliendelea, haraka haraka. "Mkubwa wangu hayupo. Sijui lugha. Niliogopa. Akiondoka yeye nabaki peke yangu na watu wale. Nikamwambia aandike kwanza majina kwenye rejista. Alipomaliza nikampa kazi nyingine. Nilimweka mpaka saa za kufunga."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na mitano."

"Lazarus alikuwa na kumi na tisa," mama alisema. Kisha akainamia mbele. "Katika mchezo wako nimemwona mume wangu. Umemchukua mpaka kikohozi. Huyo kijana wa kufunga dirisha yuko wapi?"

"Hayupo, mama."

"Kwa nini?"

Penoki alizungusha kikombe chake mezani.

"Simama," mama alimwambia. "Wewe unaweza kuwa mtu yeyote, sivyo? Unalipwa kwa hiyo. Simama hapo umwigize huyo kijana, nimwone."

Baba alisema, "Mama Lazarus, tafadhali." Mama hakugeuka.

Penoki alisimama. Alisogea mpaka karibu na kabati letu la vyombo. Mara ya kwanza alijaribu, akashindwa, akacheka kwa aibu, akafuta uso kwa kiganja. Mara ya pili alinyoosha mgongo, akaweka mikono nyuma, na mbele ya macho yetu akawa kijana, kijana wa Kizungu mwenye shingo ndefu, anayeogopa mpaka midomo imekauka na hataki mtu ajue. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti nyembamba, akitazama ukuta juu ya kichwa cha baba, "Maliza kwanza rejista, Bramwel."

Na baba, ambaye alikuwa bado ameinamia sakafu, akakohoa mara tatu. Akamgeukia mama. Akasema kwa Kiluhya, wazi, kila neno mahali pake: "Maliza kwanza rejista, Bramwel."

Nadhani hakukusudia. Ilimtoka tu, kama ilivyomtoka miaka yote. Lakini aliposikia alichosema akajishika mezani, na sauti iliyomtoka kifuani sijui niiite nini. Nilikuwa nikimfahamu baba kwa miaka ishirini na miwili. Sikuwahi kusikia sauti ile.

Mama aliinuka upesi akamshika chini ya kwapa. "Baba Lazarus," alisema, "kaa. Kaa chini." Alimketisha kwenye kiti chake yeye mwenyewe, akasimama nyuma yake, mikono mabegani mwake, akilia bila kujifuta.

Penoki alibaki amesimama kando ya kabati. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemwambia akae. Baada ya muda alichukua kofia yake akatoka, na mimi nikamsindikiza mpaka kwenye gari kwa kuwa haikufaa aende peke yake. Alikuwa ameshika usukani lakini hakuwasha. Aliniuliza kama baba atamsamehe. Nilimwambia sijui, na kwamba afadhali aulize kuhusu mama. Akaendesha kuelekea barabara kuu.

Jumatatu baba aliomba kuondolewa kwenye ukalimani. Walimpeleka kwenye chumba cha majalada ya ardhi, akakaa huko na karatasi zisizosema mpaka alipostaafu mwaka 1971. Televisheni ya ukumbini hakuitafsiri tena. Chrispinus alimpata mwalimu mmoja wa shule ya msingi, lakini watu walilalamika kwamba mwalimu anawafanya wote waseme kama mwalimu. Mama na baba walirudi kusemeshana, kwanza kuhusu mbolea na ada ya shule ya Teresa, kisha kuhusu mengine. Mara nyingine niliwakuta nyuma ya nyumba wameketi kwenye nyasi karibu na Lazarus, mama akiuliza, baba akijibu, nami nikarudi nilikotoka.

Penoki aliandika kila Krismasi. Aliendelea na kazi yake, sehemu ndogo ndogo, uso ambao watu wa kwao waliutambua barabarani bila kulikumbuka jina. Alifariki mwaka 1982. Dada yake alitutumia kipande cha gazeti chenye picha yake na habari za maisha yake, aya nne. Kilitaja bucha ya baba yake, kilitaja mchezo wa stesheni, kikasema aliigiza watu zaidi ya themanini. Kuhusu kwetu kulikuwa na mstari mmoja: kwamba alitumikia Afrika kwa muda mfupi, kuanzia 1955.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kumaliza kusoma. Themanini, na hakuna hata mmoja wao aliyetajwa ametoka wapi! Nilimpa baba kile kipande. Alikuwa na miaka sitini na tatu, macho kweli yameharibika sasa. Alikileta karibu na uso, akasoma taratibu mpaka mwisho. Akaomba kalamu.

"Wamekosea," alisema. "Alikuja hamsini na saba. Mwezi wa tisa. Mimi ndiye niliyempokea." Akakata ile namba tano ya mwisho kwa mstari ulionyooka, akaandika saba juu yake.